Ndege Iliyoruka Ndani ya Banda

Pale uwanjani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Marubani, wapakia mizigo, hata meneja aliyemzidi mvi, wote walimwita Shangazi, naye aliitika kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazi. Alikuwa fundi wa vipimo vya ndege ndogo, vile visaa vya duara vilivyopangwa mbele ya rubani kumweleza yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani. Ukimpelekea kipimo kinachodanganya, hakuanza na bisibisi. Alikiweka sikioni kwanza, akafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani kupitia ukutani, halafu akasema, "Njia ya mwongo ni fupi. Kiache hapo mezani."

Masikio hayo aliyarithi. Baba yake alikuwa fundi saa, na kabla binti hajajua kusoma alikwisha kujua ni saa ipi ukutani inachelewa. Aliolewa akaachika, na walipomuuliza sababu alijibu kwamba mume wake hakuweza kuishi na mwanamke anayesikia moyo wa mtu ukibadili mwendo akisema uongo. Watu walicheka, yeye hakucheka. Aliyemvuta uwanjani ni kaka yake, rubani mwenye ndege yake ya viti vinne, aliyemwambia siku moja, "Njoo unishikie tochi." Aliishika tochi, akasomea kazi, akapata cheti, akaendelea kuishika mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe.

Kaka huyo wote walimwita Kapteni. Mke wake alifariki binti yao akiwa hajaota meno, kwa hiyo mtoto alilelewa na shangazi yake katika vyumba viwili nyuma ya uwanja, katikati ya saa za babu zilizokuwa zikigonga kila moja kwa wakati wake. Mtoto alikuwa akisema tangu anaamka mpaka usingizi umfumbe mdomo. Baba yake akamwita Chiriku, na jina likamganda. Alipokua akawa rubani naye, na abiria waoga walipenda kupanda kwake kwa sababu simulizi zake hazikuwapa nafasi ya kuogopa.

Halafu Kapteni akaugua. Aliugua kwa kiburi, akisema ni kikohozi tu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Alizikwa mwanzoni mwa msimu wa mawingu. Chiriku akaachiwa ndege, na tangu siku ya maziko akanyamaza. Hakulia mbele ya watu, hakusimulia kitu. Ukimsemesha alijibu ndiyo au hapana, basi, na Shangazi aliyezoea kumwambia "hebu nyamaza mwanangu nisikie kazi yangu" sasa alikaa usiku mezani akisikia saa peke yake. Ukimya ule ulimuumiza kuliko msiba wenyewe.

Siku Chiriku aliporudi kazini, alitoa ndege bandani, ambamo ilikaa tangu baba yake alipoanza kulala hospitali, akairusha kuijaribu. Alirudi upesi. Alimkuta Shangazi kwenye karakana yake ndogo akamwambia kwa sauti ya chini, "Kipimo cha kimo hakisogei. Niliruka, ardhi ikaenda chini, mshale ukabaki umesimama."

"Basi tundu limeziba," Shangazi alisema bila kuinua macho.

Hilo fundi yeyote wa vipimo angelisema. Ubavuni mwa ndege ile kuna tundu moja dogo kama punje ya dengu. Hewa ya nje huingia hapo, ikapita kwenye mpira mwembamba mpaka nyuma ya vipimo. Ndege ikipanda, hewa ya nje hupungua nguvu, na kwa kupungua huko mshale hujua umefika wapi. Tundu likiziba, mshale ni kipofu. Lakini Shangazi alipokwenda kumulika, alikuta tundu liko palepale kwenye mstari mweusi uliochorwa ubavuni, jeusi na safi, bila tope wala utando wa buibui. Kulichokoa hakulichokoa. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, aliyowafundisha mafundi wengine kwa kuwapiga viganjani: tundu la hewa haliingizwi kitu, maana mdomo wake ukikwaruzwa kidogo tu kipimo kitadanganya milele. Akalipapasa kwa kidole, akaona liko laini, akasema atafungua mpira kesho.

Jioni hiyohiyo akajiwa na Fundi Grisi. Huyu alikuwa fundi injini, mtu wa mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi, aliyekwenda kuchukua spana aliyoisahau kwenye kiti cha ndege. Alirudi bila spana.

"Shangazi, ndege ya marehemu inaruka."

"Imekwenda wapi?"

"Haijaenda popote. Imo bandani, imesimama kwenye magurudumu yake. Lakini mle ndani inaruka."

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema Shangazi, lakini aliondoka naye.

Banda lilikuwa refu, la mabati, na jua lilikuwa limekwisha kutoka juu ya paa lake. Shangazi aliingia kwenye chumba cha rubani akakaa. Injini imezimwa. Betri imefunguliwa. Hakuna upepo hata wa kutikisa uzi. Na mbele yake kipimo cha kimo kilisema ndege iko juu ya uwanja kwa urefu wa minara kadhaa iliyopandanishwa, na bado mshale ulikuwa ukipanda, taratibu sana, kwa namna ambayo huoni ukienda ila ukigeuza macho na kurudi unakuta umekwisha kwenda. Kando yake kipimo cha kasi kilikuwa kimeinuka nacho. Ndege iliyosimama ilikuwa ikienda mbio angani, kimya kimya. Shangazi aliinamisha kichwa akasikiliza, na hakusikia lolote. Akatoka, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alifunga mlango wa ndege polepole ili asiamshe kitu.

Kesho yake adhuhuri, bati likiwa linawaka, alirudi kuangalia. Mshale ulikuwa umeshuka. Haukusimama kwenye kimo cha uwanja, ulikipita, ukaenda chini zaidi. Kipimo kilisema ndege iko ndani ya ardhi.

Fundi Grisi, aliyechungulia kutoka mlangoni bila kuvuka kizingiti, alijishika kifua. "Mchana analala kaburini. Jioni anatoka kuruka."

"Funga mdomo wako kabla sijakufunga mimi."

"Nimefunga. Ila wewe umeona kwa macho yako."

Ameona, ndiyo. Nywele za mikononi zilikuwa zimemsimama na alizilaza kwa viganja kwa hasira, kama mtu anayenyoosha nguo yake. Akachukua bisibisi kwenda kutoa kipimo chenyewe akakifungue mezani. Hapo akashikwa kifundo cha mkono. Chiriku alikuwa amekaa kiti cha nyuma muda wote ule, gizani, na Shangazi mwenye masikio yake hakumsikia akihema.

"Usikiguse," alisema Chiriku. "Shangazi, nakuomba. Usikiguse."

Jioni Shangazi alimfuata bandani. Hakuwa ameufikia mlango aliposikia sauti. Chiriku alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea kama zamani, bila kupumua, akiruka kutoka kisa hiki kwenda kile: nani amenunua injini mbovu, nani ameachwa na mchumba, jinsi Fundi Grisi alivyokimbia akaacha spana. Alicheka katikati. Kisha alinyamaza kidogo, kama unavyomwachia mwenzako nafasi ya kujibu, akasema, "Ndiyo, Baba," akaendelea.

Shangazi alisimama pale nje na mkono mdomoni. Furaha ya kuisikia sauti ile na hofu ya anayesemeshwa vilimjia kwa pamoja, hata hakujua alie kwa lipi.

Alipoingia, Chiriku alimwonyesha vipimo bila aibu. "Unaona kasi hiyo? Ndiyo yake. Hakuipita wala hakuipunguza, unajua mwenyewe. Jioni ikiingia anapanda, ananisubiri nimwambie habari za mchana."

"Mwanangu, hicho ni kipimo kibovu."

"Basi kiache kibovu."

"Na kesho?"

Kesho kulikuwa na safari. Muuguzi na masanduku ya dawa walitakiwa ng'ambo ya milima, kwenye hospitali ndogo ambayo barabara yake ilikuwa imeliwa na maporomoko. Milima ile msimu huo hujifunika mawingu kuanzia kiunoni. Rubani anayeingia mle haoni kitu chochote isipokuwa vipimo vyake, na mwamba haubishi hodi.

"Kesho nitakwenda," alisema Chiriku.

"Ndani ya mawingu utajuaje uko juu kiasi gani?"

"Baba atanionyesha."

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayesema atapika wali. Kutia sahihi ya kuiruhusu ndege iruke Shangazi angeweza kukataa, na angekataa mara mia, lakini ndege ilikuwa mali ya Chiriku, funguo zimo mfukoni mwake, na uwanja ule haukuwa na geti la kumzuia mtu aliyekwisha kuamua. Angemwibia funguo, Chiriku angekwenda keshokutwa. Angeharibu kipimo, binti angesema baba amekasirika, akaenda kwa kukisia. Kilichotakiwa kutengenezwa hakikuwa kipimo peke yake. Usipokitoa kilichomo mle ndani mbele ya macho ya binti huyu, alijiambia, kesho wakati kama huu utakuwa umezika wawili.

Kwa hiyo hakubishana. Alizunguka upande wa pili, akapanda, akakaa kiti cha kulia, mahali alipokuwa akikaa yeye zamani, kaka yake akimrusha bure siku za sikukuu. Wakaangalia pamoja. Bati la paa lilikuwa likipoa, likigonga gonga hapa na pale. Mshale ukapanda. Kasi ikapanda, ikakaribia ile aliyoipenda Kapteni, ikatulia hapo. Harufu ya kaka yake ilikuwa bado kwenye kiti, moshi na sabuni, na Shangazi, mwanamke aliyezoea kuwafokea mafundi, alijikuta akisema kwa sauti, "Kaka."

Alitaka iwe kweli. Tusimsingizie ushujaa: alitaka, kwa moyo wake wote, kwamba yule mzee mbishi awe yumo mle ndani, anawarusha wote wawili jioni ile juu ya paa za nyumba. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Kisha, kwa sababu mikono ina mazoea yake hata moyo ukiwa umepotea, aliinama chini ya vipimo kwenda kusikiliza. Aliupata ule mpira mwembamba wa hewa nyuma, akaukusanya kiganjani usimsumbue, akaweka sikio.

"Anashuka!" Chiriku alipiga kelele. "Shangazi, umefanya nini? Anashuka!"

Shangazi aliuachia mpira. Wakangoja. Baada ya kitambo mshale ulianza tena kupanda. Akaushika mpira tena, akaubana kiganjani. Mshale ukashuka, kidogo tu, lakini ukashuka mbele ya macho yao wote.

"Amekushika mkono," alisema Chiriku, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Anakujua. Amekushika mkono."

Kwa muda Shangazi aliamini hivyo hivyo. Kiganja chake kilikuwa cha moto, mpira ulikuwa wa baridi na polepole ulikuwa ukipata joto ndani ya kiganja, kama mkono wa mtu unavyopata joto ukiushika. Hapo ndipo akili yake ilipogutuka. Joto. Mchana bati linawaka, mshale unashuka. Jioni bati linapoa, mshale unapanda. Akakumbuka dumu tupu la maji lililofungwa mfuniko kwa nguvu: ukiliacha juani linavimba, usiku likipoa linabonyea na kulia lenyewe jikoni watu wakashtuka. Hewa ikifungiwa hufanya hivyo. Ikipata moto inasukuma, ikipoa inajikunja. Mle kwenye mpira kulikuwa na hewa iliyofungiwa, haitoki wala haiingii, na kila ikijikunja jioni kipimo kinaiamini na kusema tumepanda. Hata kasi ilitoka humo humo, maana kipimo chake hulinganisha hewa ya mbele ya ndege na hiyo ya kwenye mpira.

"Kaa hapo hapo," alisema, na sauti yake ya kazi ilikuwa imerudi. "Usiondoe macho kwenye mshale. Uniambie unafanya nini."

"Unakwenda wapi?"

"Nje. Uniambie kila kitu."

Alisimama ubavuni mwa ndege, mbele ya lile tundu jeusi, safi, laini. Alitoa kiberiti, akachonga njiti moja kwa wembe mpaka ikawa kama uzi. Halafu akaivunja sheria yake. Aliingiza njiti polepole, na badala ya kuzama tupu, ikakwama kwenye kitu laini. Akaizungusha, akavuta. Kikatoka kipande cha nta nyeusi, kidogo kuliko punje ya mchele, rangi ileile ya mstari.

Na ndege ikavuta pumzi. Masikio mengine yasingesikia, yake yalisikia: mnong'ono mfupi, kama wa mtu anayetaka kusema neno akaghairi.

Mle ndani Chiriku akasema, bila kupiga kelele, "Ametua."

Shangazi alikuwa akiitazama nta kidoleni, na alikuwa ameitambua. Alikumbuka juma la mwisho, Kapteni alipotoroka hospitali kwa jeuri na kumwamuru ampeleke bandani. Hakuweza kusimama. Dada yake alimwekea kiti, naye akakaa ubavuni mwa ndege yake akausugua ule mstari mweusi kwa kitambaa, kipande kwa kipande, na Shangazi akimshikia kopo la nta. Siku zote kabla ya kusugua alikuwa akibandika kipande cha utepe juu ya tundu. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha dada yake kufanya hivyo. Siku ile hakubandika, na dada mtu hakuona, kwa kuwa hakuwa anaangalia tundu. Alikuwa anaangalia vidole vya kaka yake vilivyobaki mifupa.

Chiriku alishuka. Macho yake yalikuwa ya kutisha. "Umemtoa. Umemfanya nini? Sasa mshale umekaa kwenye uwanja tu, umekufa!"

"Mshale ndio umefufuka. Njoo uone."

Alimwonyesha nta. Alimweleza yote, la dumu na la joto na la mpira, na la kiti na kopo, hakumficha hata moja. Chiriku aliichukua nta akainusa.

"Kwa hiyo ni Baba."

"Ni Baba yako. Alitaka uipate ikiwa inang'aa."

"Angeniua, Shangazi."

"Angekuua, mwanangu. Na huko aliko angekufa mara ya pili."

Hapo Chiriku akalia, kilio chote alichokibania tangu maziko, kwa sauti mbaya ya mtu asiyejua kulia, na Shangazi akamshikilia mpaka mabega yakaacha kuruka. Banda lilikuwa limeingia kivuli. Wangeweza kwenda nyumbani sasa, na Shangazi alikwisha kuinama kuokota tochi yake.

"Shangazi," alisema Chiriku. "Ile hewa iliyofungiwa mle. Ilikuwa ya siku gani?"

Shangazi aliinuka taratibu. Angeweza kusema hewa ni hewa tu. Lakini tundu lilizibwa siku ile, na tangu siku ile hakuna aliyefungua mpira wala kipimo, binti mwenyewe alikataa. "Ya siku ile," alisema. "Alipokuwa amekaa hapo."

"Alikuwa anahema karibu nalo?"

"Uso wake ulikuwa hapa."

Chiriku aligeuka akakimbia. Alikimbilia milango mikubwa ya banda, akaegemeza bega kwenye ule wa kushoto na kuanza kuusukuma ufunge, chuma kikilia juu ya reli yake. Shangazi alimwangalia kwa pumzi moja tu. Alijua jinsi hewa isivyozuilika, mabati yale yalikuwa na matundu kila pembe. Hata hivyo aliiacha tochi chini, akaenda kwenye mlango wa kulia, akausukuma kwa nguvu zake zote, mpaka milango ikakutana na mwanga ukakatika. Wakasimama kwenye giza lile kila mmoja mahali pake, midomo imefungwa, na kwa muda hakuna aliyethubutu kuhema.

Asubuhi muuguzi alifika na masanduku yake akakuta banda bado limefungwa. Alibisha. Ndani Shangazi alikuwa amekwisha kupima kipimo, kikapanda na kushuka kama kinavyotakiwa, na sahihi yake alikwisha kuitia. Alimtazama Chiriku, akamwachia aamue. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima, na ndege haitoki kwenye mlango uliofungwa.

Chiriku alijaza kifua chake pumzi, akaishika, akaufungua mlango mwenyewe.